Binamu yangu ameleta posa, na mdogo wake ana ualbino. Watoto wetu watakuwaje?

Shikamoo Bibi,

Mimi ni binti wa miaka 24, naishi wilaya ya Newala na nafundisha darasa la awali. Mtoto wa shangazi yangu, dada wa tumbo moja na baba, ameleta posa. Tumekua pamoja na tunapendana. Baba amefurahi kupita kiasi, kila mgeni akija anamwambia binamu nyama ya hamu. Tatizo liko kwa mama.

Binamu yangu ana mdogo wake wa kike wa miaka 13, mwenye ualbino. Alizaliwa miaka ile watu wa gesi walipojaa Mtwara, na mume wa shangazi akasema mtoto si wake, shangazi amezaa na mzungu. Akaondoka, akaenda kuoa Masasi, na huko amezaa watoto weusi watupu. Hadi leo anawataja hao watoto kama ushahidi. Mama yangu anasema mkosi uko kwenye damu ya wifi yake, na mimi nikiingia nyumba ile nitazaa hivyo hivyo. Bibi mzaa mama anapinga. Anasema sisi Wamakonde ukoo unakwenda kwa mama, mwanamume hapitishi kitu, na kwa kuwa mimi ndiye nitakayezaa basi watoto watafuata damu yangu. Sijui nimsikilize nani.

Kuna na hili. Msimu huu wa korosho yule mdogo wetu anakwenda shambani na shangazi, anaokota na kutenganisha mabibo mchana kutwa. Midomo imepasuka, na juu ya sikio ana kidonda kilichoanza tangu wakati wa kupulizia mikorosho dawa ya salfa, hakijafunga. Shangazi anampaka mafuta ya nazi. Yuko darasa la sita, akisoma daftari karibu liguse pua. Na mchumba wangu ameniambia siku ya harusi mdogo wake abaki ndani, kwa usalama wake na ili wageni wasianze maneno. Sikumjibu.

Naomba uniambie: watoto wetu watakuwa na ualbino? Kuna kipimo? Na mama nimwambie nini?

Binti wa Newala

JIBU

Marahaba, mjukuu wangu. Umeniuliza habari za ndoa, nami nitazijibu zote, lakini naanza na kidonda.

Salfa tunapulizia Juni na Julai. Sasa tunaokota korosho. Kidonda kisichofunga kwa miezi yote hiyo, kwenye ngozi isiyo na rangi, mahali panapopigwa na jua kila siku, si cha kupaka mafuta wala kufunga majani. Mtoto apelekwe zahanati wiki hii, na mganga wa hapo aombwe rufaa ya kwenda hospitali kubwa, iwe Ndanda au Ligula. Huko wakiona haja watakata kipande kidogo wakipime. Inawezekana ni kidonda cha jua tu. Inawezekana ni mwanzo wa saratani ya ngozi, na saratani hiyo ikikutwa ingali ndogo hukatwa ikaisha. Ikiachwa huchimba, hufika kwenye tezi za shingo, na hapo safari inakuwa ya hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, tena mara nyingi kwa kuchelewa. Watu wengi wenye ualbino nchini wamekufa vijana kwa ugonjwa huu, na ualbino wenyewe hauui. Kinachowaua ni jua ambalo hakuna aliyewakinga nalo.

Mwambie shangazi, kwa upole maana amelea peke yake, kwamba mafuta ya nazi hulainisha ngozi ila hayazuii jua. Inatakiwa losheni ya kukinga jua yenye namba ya kinga (SPF) 30 au zaidi, ipakwe kabla ya kutoka na kurudiwa mtoto akitoka jasho. Hospitali ya KCMC kule Moshi wanatengeneza losheni maalumu kwa watu wenye ualbino, kwa hiyo ulizeni hospitalini mtaipataje. Chama cha Watu Wenye Ualbino Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1978, nacho ni mahali pa kuuliza, na ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri iwaunganishe nacho. Losheni ikikosekana, nguo haikosekani: mikono mirefu, sketi ndefu au suruali, na kofia ya ukingo mpana unaozunguka kichwa chote. Kepu haifai. Kepu hufunika paji la uso na kuacha masikio nje, na angalia kidonda kimetokea wapi.

Huku kusini Oktoba jua hupita karibu kabisa na utosi, na ndiyo kwanza korosho zinaanguka kwa wingi. Kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni mtoto huyu asiwe shambani kabisa. Kama lazima asaidie kazi, na mwanetu yeyote husaidia, basi apewe kuchambua. Akae barazani atenge daraja la kwanza na la pili. Hiyo nayo ni kazi ya korosho, tena ya maana, kwa sababu mzigo uliochambuliwa vibaya hukataliwa ghalani.

Sasa twende kwenye damu.

Rangi ya ngozi, nywele na macho hutokana na kitu kinachoitwa melanini. Mwili huitengeneza kwa kufuata maelekezo yaliyomo kwenye jeni, na kila jeni ya namna hii tunapewa mbili, moja ya baba na moja ya mama. Chukulia nyumba yenye mitungi miwili ya maji. Mmoja ukipasuka, mwingine unatosha, na mgeni akija hawezi kujua kama kuna mtungi uliopasuka. Shangazi yako yuko hivyo: ana jeni moja nzima na moja yenye hitilafu, na ngozi yake ni nyeusi kama yako. Mtu kama huyo tunamwita mbebaji. Mtoto huzaliwa na ualbino pale anapopokea yenye hitilafu kutoka kwa mama na yenye hitilafu kutoka kwa baba. Ya upande mmoja peke yake haitoshi.

Kwa hiyo yule baba aliyekimbilia Masasi asifikirie kwamba weusi wake unamtoa. Baba wa mtoto mwenye ualbino ni mbebaji, hata awe mweusi wa namna gani. Na mtoto wa mama mweusi na baba mzungu tunawafahamu, huwa na rangi ya kati, hawi na ngozi isiyo na rangi kabisa na nywele za manjano. Ualbino wa mtoto hauwezi kuwa ushahidi wa uzinzi wa mama yake. Nimefanya kazi wodi ya wazazi, nimewaona wanawake wakipokea watoto hawa huku wakiangalia mlango kama mume ataingia au atageuka, na kila mara niliumia, kwa sababu anayegeuka huwa anaondoka na nusu ya sababu mwilini mwake.

Vipi wale watoto weusi wa Masasi? Hawathibitishi lolote. Mke wake mpya huenda si mbebaji, na mbebaji akizaa na asiye mbebaji hakuna mtoto atakayekuwa na ualbino. Baadhi ya wale watoto, hata hivyo, huenda wamerithi ile jeni kimyakimya na wanaweza kuibeba hadi kwa wajukuu wake. Hata huyo mke angekuwa mbebaji, kila mimba ingekuwa na nafasi tatu kati ya nne za kuzaa mtoto asiye na ualbino.

Bibi yako mzaa mama namheshimu, na kwenye ukoo, urithi na jina anasema kweli ya Kimakonde. Jeni hazifuati utaratibu huo. Aina ya ualbino iliyoenea zaidi Afrika inatokana na jeni iliyo kwenye kromosomu namba 15, yaani mojawapo ya nyuzi zinazobeba jeni ndani ya mwili, na kromosomu hiyo mwanamume na mwanamke wanayo sawasawa na wanaipitisha sawasawa. Ipo aina nyingine, adimu, inayogusa macho tu, ambayo kwa kawaida mama huwapitishia watoto wa kiume, lakini siyo hii ya mdogo wenu.

Mama yako anaita mkosi. Nataka umwambie jambo hili moja kwa utulivu. Mwaka 1995 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa watu wenye ualbino wa Tanzania, na wengi wao walikutwa na hitilafu ileile, yaani kipande kilekile cha jeni hiyo kimekatika mahali palepale. Kipande hichohicho kimekutwa kwa watu wa Zimbabwe, Afrika Kusini na Kameruni, na kwa Wamarekani weusi ambao mababu zao walivushwa bahari utumwani. Maana yake ni kwamba kilikatika zamani mno, kwa mtu mmoja ambaye hakuna ukoo unaomkumbuka, kikasafiri na vizazi vyake hadi huku kwetu kando ya Mto Ruvuma na mbali zaidi. Hakikuanzia kwa wifi yake. Hakuna kaburi lililorukwa wala mzimu uliokasirishwa.

Tena kuna hesabu ambayo mama hajaifanya. Wifi yake ni mbebaji bila shaka, kwa sababu amezaa mtoto mwenye ualbino. Jeni hiyo aliipata kwa mmoja wa wazazi wake. Wazazi hao ndio waliomzaa baba yako. Basi baba yako, mume wa mama, ana nafasi moja kati ya mbili ya kuwa nayo, na wewe una nafasi moja kati ya nne, kidogo zaidi ukiongeza uwezekano wa upande wa mama mwenyewe. Kinachoogopwa kwenye nyumba ya wifi huenda kimelala chini ya dari lake kwa miaka yote ya ndoa yake, na hakikumdhuru mtu.

Endelea kushika kalamu. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina njia nne zinazolingana: mtoto mwenye ualbino, moja; mtoto mbebaji, mbili; mtoto asiye nayo kabisa, moja. Mchumba wako hana ualbino, kwa hiyo ile ya kwanza tunaifuta. Zinabaki tatu, na mbili kati ya hizo ni za ubebaji. Ana nafasi mbili kati ya tatu. Zidisha kwa yako ya moja kati ya nne, unapata moja kati ya sita kwamba ninyi nyote wawili ni wabebaji. Na mkiwa wote wabebaji, kila mimba ni moja kati ya nne. Jumla yake ni kama moja kati ya 24.

Angeoa mwanamke asiye ndugu ingekuwaje? Inakadiriwa kwamba Tanzania mtu mmoja kati ya 1,400 hivi ana ualbino, wakati Ulaya na Marekani ni kama mmoja kati ya 17,000 hadi 20,000. Kwa kiwango chetu hicho, karibu mtu mmoja kati ya 20 ni mbebaji. Fikiria sokoni Newala siku ya gulio, ni wabebaji wangapi wanapishana pale bila kujijua. Kwake yeye na mwanamke wa aina hiyo, hesabu ingekuwa kama moja kati ya 120. Kwa hiyo ndiyo, kuoana ninyi binamu kunaongeza nafasi kama mara tano. Sikufichi, maana wapo wanaodanganya upande huu na upande ule. Bado katika 24 ni 23 zisizo na ualbino.

Elewa pia kwamba hiyo moja kati ya 24 ni hesabu ya leo, kabla hamjazaa. Akizaliwa mtoto mwenye ualbino mtakuwa mmejua kwamba wote ni wabebaji, na kila mimba inayofuata itakuwa moja kati ya nne. Mimba haikumbuki iliyotangulia. Wapo waliozaa watatu mfululizo wenye ualbino, na wapo wabebaji waliozaa saba bila hata mmoja.

Kipimo kipo duniani, cha kusoma jeni na kumwonyesha mbebaji, lakini si kitu utakachokikuta zahanati, na sikushauri uuze shamba kukitafuta. Pesa na nauli zitumie kwenye kipimo kingine ambacho hujakiuliza: selimundu, ugonjwa wa chembe nyekundu za damu kuwa na umbo la mundu. Nayo hurithiwa kwa mtindo huuhuu wa kupokea kutoka pande mbili, na binamu wakioana nafasi yake huongezeka vilevile ikiwa imo kwenye ukoo. Kupima damu kwa selimundu ni rahisi zaidi, na mtoto mwenye selimundu huteseka kwa maumivu na upungufu wa damu kuliko mwenye ualbino aliyekingwa jua. Nendeni wote wawili kabla ya kupanga tarehe.

Je, nakukataza kuolewa? Hapana. Mtoto mwenye ualbino akizaliwa kwako utakuwa na mtoto mwenye akili zake zote, mwenye kuhitaji kofia, losheni, kiti cha mbele darasani na wazazi wawili. Wenzetu wa Lindi Mjini mwaka 2010 walimchagua Salum Khalfani Barwany kuwa mbunge wao, mtu wa kwanza mwenye ualbino kuchaguliwa jimboni katika nchi hii. Mtajie mama. Ni jirani zetu waliompigia kura, si watu wa mbali.

Kinachonisumbua kwenye posa yako ni kile alichokwambia mchumba wako. Amekua na huyu mtoto. Ameona baba yake akiondoka kwa sababu yake. Na leo, kwenye furaha yake kubwa, anataka mdogo wake afungiwe ndani ili wageni wasianze maneno. Pengine ni hofu. Anajua maneno yalivyomchoma mama yake, hataki yarudi siku hiyo. Usalama nao si kisingizio cha kupuuzwa. Nchi hii iliwahi kutikiswa na mauaji ya watu wenye ualbino, hasa Kanda ya Ziwa, na mzazi yeyote mwenye mtoto wa namna hii ana haki ya kuwa macho. Lakini usalama wa mtoto kwenye harusi ni kukaa katikati ya watu wake, mtu mzima anayeaminika akiwa amepewa kazi ya kumwangalia, asitumwe dukani peke yake jioni, na mwenyekiti wa mtaa ajue yupo. Mtoto aliyefungiwa chumbani wakati ngoma inapigwa uwanjani ndiye aliye peke yake.

Kaa naye, wawili tu, umuulize hivi: tukizaa mtoto kama mdogo wako, utafanya nini? Usimsaidie kujibu. Mwonyeshe hesabu niliyokupa, ajue kwamba nafasi yake ya ubebaji ni kubwa kuliko yako, na kwamba hakuna siku atakayoweza kusimama akasema damu hiyo ni ya mke. Ukiona amekasirika kwa kuulizwa, umeshapata taarifa. Ukiona ameinamisha kichwa na kuanza kukuambia habari za baba yake, msikilize hadi mwisho, huyo ana kitu cha kujenga naye.

Kisha mpe jambo la kufanya kabla ya mahari. Yeye mwenyewe, na si shangazi, ampeleke mdogo wake hospitalini kwa kile kidonda. Wakiwa hukohuko apimwe macho. Macho ya watu wenye ualbino hukosa rangi kwa ndani pia, mwanga huwaumiza, mara nyingi huchezacheza yenyewe, na miwani husaidia ila haimalizi tatizo, ndiyo maana analeta daftari puani. Anaporudi, apite shuleni amwone mwalimu mkuu. Mtoto akae mstari wa mbele, mbali na dirisha linalopiga mwanga, aruhusiwe kusogea hadi ubaoni, avae kofia hata kwenye paredi. Mtihani wa darasa la saba ni Septemba mwakani, na watahiniwa wenye uoni hafifu huandaliwa karatasi za maandishi makubwa, lakini shule lazima ipeleke taarifa mapema. Wewe ni mwalimu, unajua taarifa zinavyochelewa. Mfuatane.

Akiyafanya hayo, mwambie baba aendelee na mipango yake. Asipoyafanya, usipokee mahari, na wewe mwenyewe umshike mtoto mkono umpeleke.